Boga Halina Tarehe

Mwanaume aliyekaa ghalani miaka thelathini na mmoja akidunga magunia haachwi peke yake na boga. Maneno haya si yangu. Ni yake mwenyewe, huyasema mbele za watu, tena huku akicheka, kwa hiyo popote nitakapomwita mjinga katika habari hii ujue ninanukuu tu.

Mtaani wanamwita Mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa ghala la nafaka na bambo mkononi. Bambo ni kile kichuma chenye ncha na mfereji. Unalidunga gunia tumboni, unakichomoa, na mahindi yanakuja yenyewe kukueleza hali yake. Mkaguzi alidunga kila gunia sehemu tatu, akatia punje mdomoni, akaiuma, akasikiliza. Ikipasuka kwa mlio, anasema "pita." Ikibonyea, anasema "rudi," na mwenye mzigo aape, alie, amtaje marehemu baba yake, haisaidii kitu. Kisha anasugua tundu kwa mgongo wa bambo, nyuzi za gunia zinarudi mahali pake, na hakuna anayejua kwamba palichomwa.

Akastaafu. Wenzake wakamuaga kwa soda na hotuba, wakampa bambo lake aende nalo nyumbani liwe ukumbusho. Sasa yeye alistaafu, lakini mikono yake haikupata hiyo barua. Aliminya mikate dukani mpaka mwenye duka akaihamishia nyuma ya kioo. Alienda kumjulia hali mgonjwa, akambonyezea godoro. Muuza parachichi alimwambia waziwazi kwamba akiminya moja zaidi atanunua fungu zima; akaminya, akanunua fungu zima, na yote yalikuwa mabichi, jambo alilokwisha kulijua kabla ya kulipa.

Mkewe alikuwa amezoea. Huyu mama alipika miaka mingi katika shule ya bweni, akaacha, sasa analima uani, kipande cha ardhi kilichobanwa kati ya bafu na ukuta wa jirani yao fundi viatu. Mwaka huo alikuwa na maboga matano. Manne yalitokana na mbegu za dukani, na hayo hayakumnyima mtu usingizi. La tano, lile lililolala karibu na tangi la maji, lilikuwa boga la mama yake.

Hapo ndipo penye habari. Mama mkwe alifariki mwaka uliotangulia, na alikuwa na mbegu yake ya maboga ambayo hakuna aliyejua alianza nayo lini. Ngozi kijani kilichokoza, yenye mistari kama iliyochorwa kwa chaki. Ndani rangi ya kiini cha yai. Ukilichemsha linapasuka lenyewe, kavu, la unga. Baada ya mazishi mkewe alifungua kopo la mbegu akakuta panya wametangulia. Zilibaki tatu. Akawauliza dada zake wote, hakuna aliyekuwa na hata moja, kila mmoja alidhani mwenzake anazo. Akapanda zote tatu. Moja haikuota, ya pili ilikatwa na funza ikiwa na majani mawili, ya tatu ikatambaa, ikachanua, ikashika tunda moja tu. Basi ukoo mzima wa boga lile ukawa umelala pale kando ya tangi, mkubwa kiasi cha ngumi mbili. Likichumwa changa, mbegu zake zitakuwa maganda matupu. Likioza, ndiyo basi tena.

Na Mkaguzi na mama mkwe walikuwa na yao ya zamani. Siku ya kwanza alipopelekwa kujulikana ukweni, mama huyo alimpa boga awapelekee wazazi wake. Kijana wa watu, mbele ya wajomba wote wa bibi harusi, akalipokea kwa mikono miwili, akalipiga ukucha, akasema, "Hili bado." Mpaka leo anasema kilichomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo mama mkwe hakumwita mkwe wala baba watoto. Alimwita Bwana Bado, kwa heshima zote, miaka ishirini na minane.

Sasa, binti yao aliyeolewa mbali alijifungua kwa upasuaji, na mama ikabidi aende akamsaidie kwa wiki sita. Siku ya kuondoka, begi likiwa mlangoni, alimshika mumewe mkono akamchuchumalisha kando ya tangi kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Akamwonyesha kikonyo, pale boga linaposhikana na shina. Sasa hivi ni kibichi, alimwambia, kina maji. Likikomaa kitakauka, kitapasuka nyufa nyufa, kitakuwa kama kuni. Ngozi itaacha kung'aa. Ubavu uliolalia udongo, ambao sasa ni mweupe, utageuka manjano. Kikono kilichojisokota karibu na tunda kitanyauka.

"Hiyo ni tarehe ngapi?" Mkaguzi akauliza.

"Boga halina tarehe."

"Kwa kukadiria tu."

"Baba, nisikilize. Usilivune. Usilipige ukucha. Ukucha hupigwa mara moja tu, siku ya mwisho, na siku hiyo nitakuwepo. Wewe kazi yako ni kumwagilia, na kufukuza kuku."

Akaapa. Aliapa kwa sauti nzito ya mlangoni mwa ghala, na mkewe akaingia kwenye gari akiwa na wasiwasi uleule.

Siku mbili alitulia. Siku ya tatu alikwenda kumwagilia, akachuchumaa, akaangalia kushoto na kulia katika ua wa nyumba yake mwenyewe, akaligusa boga kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ulizama wote. Tone la maji likatoka. Akaona aibu, na kwa aibu hiyo akafanya alichojua: akapasugua pale mahali kwa kidole, akingoja pajifunge. Pakabaki alama ya mwezi mchanga, inamwangalia.

Kesho yake alirudi kuona kama pamepona, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika, akajaribu upande mwingine.

Sikio la kufa halisikii dawa, na kidole gumba kinafanana nalo. Kila alasiri mkewe alipiga simu. Swali la kwanza lilikuwa boga linaendeleaje, la pili mjukuu amelala vipi, na hilo alilijibu mwenyewe, na la tatu, kama salio halijaisha, wewe je. Mkaguzi alijibu kwamba boga halijambo, hajaligusa. Simu aliishika kwa mkono mmoja, na mkono mwingine, anasema, ulikuwa nyuma ya mgongo kama wa mtoto aliyelamba sukari.

Wiki ya tatu hamu ilimzidi. Akajiambia kwamba kwa boga la mama atasubiri, lakini yale manne ya dukani ni mali ya kawaida, na mtu hawezi kukaa na mzigo uani asiujue. Akaingia chumbani, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa bambo. Manne yote, kila moja sehemu tatu: juu, tumboni, chini. Akatafuna alichokitoa, kilikuwa na ladha ya tango. "Rudi," akayaambia. Yarudi wapi, hakusema. Halafu, na hapa ndipo yeye mwenyewe hushindwa kusimulia kwa kicheko, akayasugua matundu kwa mgongo wa bambo, akasimama kungoja nyuzi zirudi mahali pake.

Nyuzi hazikurudi, walikuja sisimizi. Baada ya siku nne maboga yote manne yalikuwa yanalia maji, na harufu ikavuka ukuta mpaka kwa fundi viatu, ambaye aliuliza kama kuna panya amefia huko. La kuvunda halina ubani. Mawili yaliyokuwa na nafuu aliyapika akayala mwenyewe, bila chumvi, kama adhabu, na kwa siku mbili hakuthubutu kwenda mbali na choo. Mawili mengine aliyazika nyuma ya bafu.

Mkewe alipouliza habari za yale manne, Mkaguzi akasema yameibiwa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii haikufika hata kwenye kona. Mkewe alishtuka kuliko alivyotarajia. Kama wezi wamekwisha kuijua njia, alisema, watarudi kuchukua la mama. Toa kiti uani. Kaa hapo. Usiliache hata dakika moja, chakula uletewe na jirani ikibidi. Kwa hiyo kuanzia siku ile Mkaguzi alikaa kando ya tangi kutwa nzima, mwavuli juu, akililinda boga dhidi ya mwizi ambaye ni yeye. Fundi viatu, aliyekuwa ameona mazishi ya nyuma ya bafu kupitia tundu la ukuta, ndiye aliyeombwa chakula. Alileta chakula mchana, akakiweka, akatazama kiti, akatazama boga, akarudi kwake. Kicheko chake kilisikika baadaye kikigonga pamoja na nyundo.

Sasa mpe fisi bucha alinde. Mtu amekaa hatua moja kutoka kwenye kitu kilichokatazwa, saa kumi kwa siku, hana gazeti. Alama ziliongezeka. Lakini ndani ya ujinga ule kitu kimoja kilikuwa kinatokea, na Mkaguzi, ambaye ni mjinga lakini si kipofu, alikiona. Zile alama za mwanzo zilikuwa zimeota kovu la kahawia, gumu. Za wiki ya tatu zilikuwa fupi. Za wiki ya nne hazikutoa maji tena. Na siku moja ya wiki ya tano ukucha ulifika kwenye ngozi, ukakataa. Akasukuma, ukakunjika ukamuuma yeye. Alikaa pale akiunyonya ukucha wake na kutabasamu, akiona fahari kana kwamba yeye ndiye aliyeikomaza ile ngozi kwa kuisumbua.

Angeishia hapo, tungekuwa na hadithi nyingine. Mvua ikanyesha.

Ilinyesha siku mbili mfululizo, na maji ya bati yakaja kutuama kando ya tangi. Asubuhi ya tatu boga lilikuwa limekaa kwenye dimbwi. Hili Mkaguzi alilijua vizuri, maji chini ya mzigo ni uozo. Ghalani walikuwa wanainua magunia na kuyalaza juu ya mbao kabla jua halijapanda. Akaleta ubao, akauweka juu ya matofali mawili. Kisha akainama, akalishika boga kama wapagazi wote duniani wanavyolishika gunia, kwa sikio, akainua.

Boga halina sikio. Lile alilolishika lilikuwa kikonyo, na kikakatika chote, kikabaki mkononi mwake.

Alisimama na kile kipande muda mrefu. Hakucheka, na hata leo akifika hapa hupunguza sauti. Boga lilikuwa limelala kwenye maji, limekatwa na shina lake, halijulikani limekomaa au bado, na hapakuwa na namna ya kulirudisha. Aliwaza ile mbegu iliyotembea mkono kwa mkono, mama kwa mama, watu ambao hata majina yao hayakumbukwi, ikafika kwake ikakoma. Aliona afadhali mkewe amkute ameibomoa nyumba nzima.

Fundi viatu alikuwa amekwisha kupanda juu ya kigoda chake, kichwa kimetokeza juu ya ukuta. Akashauri kwamba njia ya kujua ni moja. Unacho kile chuma chako, alisema, dunga mara moja tu, zitoke mbegu mbili tatu, utazame. Kama zimejaa, sherehe. Kama hazijajaa, angalau utalala ukijua.

Mkaguzi akaingia ndani, akavuta sanduku. Bambo alilishika. Anasema hajawahi kukitaka kitu katika maisha yake, si kazi, si mke, kama alivyotaka kulidunga lile boga. Kujua! Sekunde moja tu. Lakini mbegu za boga bichi zikiingia hewa na maji zitaoza pamoja nalo, na kama bado zilikuwa zinajaa, hizo siku chache za kukaa ndani ya tumbo zima ndizo zilizokuwa zimebaki. Akalirudisha sandukuni. Akatoa simu, akapiga yeye kwanza, asubuhi, saa ambayo si ya kawaida.

Alisema yote. Hakuanza na mvua, alianza na ukucha wa siku ya tatu, akaja kwenye bambo, akaja kwa wezi, akamalizia na kikonyo. Upande wa pili mjukuu alikuwa analia.

"Umelidunga?" mkewe akauliza mwishoni.

"La mama, hapana."

"Usilidunge."

"Sitalidunga."

"Kikonyo hapo kilipokatika kikoje? Kikavu au kibichi?"

Akakitazama. Nje kilikuwa kikavu na nyufa zake. Katikati kulikuwa na kijani, kidogo, na unyevu. Alitaka sana kusema kikavu. Akasema, "Katikati bado."

Mkewe akavuta pumzi. Akamwambia alifute maji, asilioshe, aliweke juani mchana juu ya kitu laini, jioni aliingize ndani, aligeuze kila siku. Basi. Akakata simu bila kumuuliza wewe je.

Siku sita zilizofuata Mkaguzi alikuwa mlezi. Boga lililala mchana kwenye meza juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, jioni likaingia sebuleni likapewa kiti. Hakuligusa ila kwa viganja vilivyofunguka. Kidole gumba alikifunga kitambaa, akawaambia watu amejikata.

Mkewe alirudi siku ya Alhamisi mchana. Hakukaa. Aliweka begi chini, akanawa mikono, akalikuta boga mezani, akaligeuza taratibu, akaona zile alama zote, kutoka kovu nene mpaka mkwaruzo usioonekana. Alizihesabu kwa macho. Mkaguzi aliyekuwa amesimama mlangoni anasema angeona afadhali atukanwe.

"Ulikuja kila siku," mkewe akasema.

"Kila siku."

Akachukua kisu. Boga liligoma, kisu kikaenda kwa kugongwa, na hilo lilikuwa la kutia moyo. Likafunguka. Ndani halikuwa rangi ya kiini cha yai, lilikuwa limepauka upande mmoja. Alilipika nusu jioni ile. Lilikuwa la majimaji, bila unga, na mkewe alikula vijiko viwili, akaweka sahani chini, akamlilia mama yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mkaguzi alimshika bega. Alisema, "Nisamehe, mama watoto. Nilitaka kujua tu." Mkewe akajibu kwamba hilo ndilo tatizo lake, anataka kujua kabla jambo lenyewe halijajijua.

Mbegu alizianika kwenye ungo siku nne. Siku ya tano akakaa nazo mlangoni penye mwanga, akawa anabonyeza moja moja katikati kwa vidole viwili. Mkaguzi alivuta kigoda. Akaambiwa akirudishe kilipokuwa. Kwa hiyo alikaa mbali, akisikia tu: ganda tupu linatupwa kushoto, halina mlio. Tupu. Tupu. Tupu. Tupu. Alikuwa ameacha kusikiliza aliposikia moja ikigonga bakuli la bati. Kisha kimya kirefu cha maganda. Kisha nyingine. Ilichukua asubuhi nzima. Katika mamia ya mbegu, zilizojaa zilikuwa hamsini na tatu.

Mkewe alizigawa sehemu mbili, kopo moja kabatini na jingine akalifunga kwa kitambaa. Hili, alisema, likakae kwa fundi viatu, maana mbegu kama hii haikai nyumba moja, hasa nyumba hii. Mpelekee mwenyewe.

Akalipeleka. Ni hatua thelathini kutoka mlango hadi mlango, na mbegu zilicheza ndani ya kopo njia nzima. Fundi viatu akaweka nyundo chini, akalipokea, akalitikisa sikioni, akaanza kufungua kitambaa.

"Acha," Mkaguzi akamwambia. "Usifungue."

"Nione tu kama ni nzima."

"Ni nzima. Mke wangu amesema."

Fundi viatu akamtazama kama anayengoja kicheko. Hakikuja. Akaliweka kopo kwenye rafu, juu ya viatu vilivyokwisha shonwa, na Mkaguzi akakaa kwenye benchi la wateja, akaikalia mikono yake yote miwili, akauliza habari za kazi.